Swali la Mzee Nderingo na Majani ya Paka

Mwezi uliopita nilishtuka mpaka kikombe kikanitoka mkononi. Nalisema mapema, msije mkadhani bibi huyu anatishika ovyo. Nimefanya kazi miaka ishirini na nane kwenye banda la kukaushia majani huku Makumira. Nimekuta nyoka ndani ya gunia la mnanaa. Nimemwona bosi, mtu mzima na ndevu zake, analia mvua ikimnyeshea mavuno uwanjani. Sikuwahi kudondosha hata ungo. Lakini siku hiyo mjukuu wangu Nashipai alikuja kunisalimia, akaniwekea mezani pakiti ya karatasi ya kaki yenye picha ya paka amelala chali, akasema, "Bibi, soma. Ni biashara yangu mpya."

Nikavaa miwani. Imeandikwa: Chai ya Majani ya Paka kutoka Mlima Meru. Hutuliza mawazo, huleta usingizi, huondoa gesi tumboni. Nikatabasamu, maana mbegu alizopanda alizitoa kwangu. Halafu chini kabisa, kwa herufi za sisimizi: Ni ya asili, haina madhara. Inafaa kwa kila mtu, watoto, wazee na wajawazito.

Wajawazito! Yesu wangu! Kikombe kikaenda sakafuni.

"Bibi! Umeungua?"

"Hili neno la mwisho nani kaliandika?"

"Mimi mwenyewe. Kwani vipi? Ni majani tu bibi, hayana kemikali."

Nilichukua ufagio nikafagia vigae vya kikombe, nikafagia na pasipokuwa na kitu, ili mradi asinione usoni. Kati ya watu wote wanaoishi chini ya mlima huu, Nashipai ndiye asiyepaswa kuandika neno hilo. Yeye mwenyewe aliponea chupuchupu kwa majani hayo hayo, akiwa bado tumboni mwa mama yake. Na aliyempelekea mama yake majani hayo ni mimi. Nashipai alikuwa hajui. Miaka ishirini na mbili mimi na mama yake tulikaa kimya, na leo mtoto anauza pakiti pale Themi, anawakaribisha wajawazito.

Basi nyie vijana mnaouza majani kwenye simu, mliojaa siku hizi kama uyoga baada ya masika, nawaandikia nyie. Nitawapa ujuzi wote nilionao, sina choyo. Ila mtanisikiliza mpaka mwisho, siyo kusoma nusu halafu mkakimbilia kuchapisha lebo.

Tuanze na mmea wenyewe. Majani ya paka ni ndugu yake mnanaa. Ukishika shina lake utasikia kona nne chini ya vidole, siyo mviringo. Jani lina rangi ya kijani iliyofifia, kama limepakwa jivu, lina meno pembeni na manyoya laini. Maua ni meupe yenye madoa ya zambarau, na nyuki wanayapenda mpaka kero. Kwetu hayakuwa na jina la asili, kwa sababu hayakuwa ya kwetu. Mbegu zililetwa na wenye shamba, wakavuna, wakapeleka nje. Jina tuliyapa sisi wafanyakazi baada ya kuona vituko vyake.

Vituko gani? Mwaka wangu wa kwanza tulihamisha miche kutoka kitaluni, tukaipanda kwa mistari mizuri, kamba imenyooka. Kesho yake asubuhi tukaja tukakuta shamba limelala. Paka! Paka wa Makumira nzima, wengine siwajui wametoka wapi, wanagaagaa kwenye miche, wanajisugua mashavu, mmoja anatokwa udenda ananiangalia kama vile mimi ndiye niliyemkosea. Nilipiga yowe, nikadhani wamepandwa na mashetani. Wenzangu wawili walikimbia moja kwa moja, wakarudi baada ya kuona mimi sijaliwa.

Mzee Nderingo hakukimbia. Huyu ndiye alikuwa msimamizi wetu wa banda, Mmeru wa huko juu karibu na msitu, mrefu, mkavu, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akasema, "Subirini." Tukasubiri. Baada ya kama dakika kumi, paka mmoja baada ya mwingine akasimama, akajikung'uta, akaondoka zake taratibu kama mtu aliyetoka ibadani.

"Wamelewa," akasema. "Sasa wamelevuka. Ukiwaletea tena saa hii hawataki. Watataka tena baadaye."

Hapo ndipo aliponifundisha kitu ambacho hamtakikuta kwenye simu zenu. Mche ukiuhamisha unauchubua, na ukiuchubua unatoa harufu, na harufu ndiyo inayowaita paka. Ukipanda mbegu palepale inapokulia, usiiguse, paka wanapita pembeni hawana habari. Mwaka wa pili tulipanda mbegu shambani moja kwa moja na hatukupoteza mstari hata mmoja. Na siyo paka wote wanaolewa. Vitoto vidogo haviyajali. Wapo na paka wazima wanaonusa wakaenda zao, walokole wa paka.

Kukausha sasa. Kata yakianza kutoa maua, asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali. Funga matita madogo, ning'iniza kivulini penye upepo. Kivulini! Nimeona kijana mmoja huko mjini ameanika majani juu ya bati saa saba mchana. Haki ya Mungu nilitaka kumlima kofi. Jua linakula mafuta yote, unabaki na nyasi za mbuzi. Utajua yamekauka ukikunja kijiti kikavunjika kwa sauti, kah! Kikipinda, bado. Ukikipakia kikiwa kinapinda, baada ya wiki gunia linanuka kama soksi, na bosi anakuita ofisini.

Matumizi yake ni mengi, sikatai. Wanawake wa bandani tulikunywa chai yake jioni tukalala. Maji yakichemka unayatoa motoni, unatia kijiko cha majani makavu, unafunika. Ufunike! Usipofunika harufu inaondoka, na ndiyo dawa yenyewe. Dakika kumi inatosha. Tumbo likijaa gesi linatulia. Ukiwa na kahoma ka baridi unatoka jasho ukajisikia nafuu, ingawa homa ya kweli ni ya kupimwa hospitali, usije ukanywa majani huku malaria inakumaliza. Ukiyaponda ukajipaka mikononi mbu wanakuacha kwa muda mfupi. Mfuko wake kwenye kabati, mende wanahama. Lakini ukizidisha vikombe unatapika, na kama unameza dawa za usingizi usichanganye. Niliyajua yote hayo. Nilijiona daktari.

Nilikuwa nayapata wapi? Hapo ndipo penye mkasa. Majani yakishachekechwa, yale yanayovunjika vipande vidogo hayasafirishwi. Tunayaita chenga. Kila Jumamosi saa sita Mzee Nderingo alisimama mlangoni mwa banda na kikombe cha bati, tunapanga mstari, kila mwanamke anapata kikombe kimoja cha chenga za kupeleka nyumbani. Na kabla hajakuchotea, mbele ya watu wote, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe, anakuuliza:

"Tumboni kuna mtu?"

Jamani! Mzee mzima, mwanaume, anamuuliza mke wa mtu! Nyie wa siku hizi mnapiga picha tumbo likiwa la wiki mbili mnairusha. Sisi huku mimba haisemwi mpaka ijiseme yenyewe. Hata mama yako mzazi anaangalia tu unavyokula, anajua, ananyamaza. Sasa huyu anauliza mstari mzima, na akiwepo anayesita kidogo, anafunika ndoo na kumwambia, "Wewe pita." Siku hiyo hiyo shamba zima lishajua. Mwenzetu mmoja alilia. Mwingine aliacha kuchukua chenga kabisa kuliko kuulizwa.

Mimi nilikuwa na mdomo. Nikamuuliza siku moja, "Mzee, unatafuta nini kwenye matumbo ya watu?"

Akanielekezea kikombe. "Nakuuliza wewe, Mama Elisante. Kuna mtu?"

"Hakuna!"

"Basi chukua, nenda."

Hakueleza. Hakuwahi kueleza, miaka yote. Tukamwita mbea wa matumbo, tukamcheka, na kila Jumamosi akauliza vilevile.

Alipostaafu, msimamizi nikawa mimi. Mnajua jambo la kwanza nililofanya? Jumamosi yangu ya kwanza nilishika kile kikombe cha bati nikatangaza, "Kuanzia leo hakuna mtu kuulizwa habari za tumbo lake." Wanawake wakapiga vigelegele. Wakanibeba, kweli, wakanizungusha banda zima. Nilijiona mkombozi wa wanawake wote wa Meru. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila mimi halikuvunjika langu, na hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Wakati huo mwanangu Elisante alikuwa ameoa Anna, binti wa Kiarusha, mpole, wakajenga Terrat. Anna alikuwa amepoteza mimba moja mwaka uliotangulia. Nililia naye. Miezi ikapita, Elisante akaja akaniambia, "Mama, Anna halali usingizi. Anageukageuka mpaka asubuhi."

Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza zaidi. Kwa nini niulize? Nilishafuta kuuliza!

Jumamosi ile nikabeba chenga zangu, nikatengeneza chai kwenye chupa, nzito, vijiko vinne, maana nilitaka ifanye kazi. Nikaenda Terrat. Anna akanipokea, "Shikamoo mama," ameinamisha kichwa, akanitandikia kitambaa kwenye kochi. Nikamimina kikombe. Akakinusa. Niliona uso wake ukibadilika kidogo, nikadhani ni ile harufu, maana siyo nzuri kwa mtu asiyeizoea.

"Kunywa mwanangu. Utalala kama mtoto."

Akanywa. Kikombe chote. Nikamimina cha pili, akanywa. Nikamwachia na mfuko wa chenga, nikamwambia asubuhi na jioni, asiruke hata siku moja. Akasema, "Asante mama." Nyie mnajua mila zetu, kikombe cha mama mkwe hakirudishwi. Mimi mtu angeniletea maji ya betri ningemwambia apeleke huko, lakini Anna kwangu alikuwa mkwe.

Jumatano, saa nne, tuko kwenye chai ya bandani. Mtu wa ofisini akaja mbio, simu yako Mama Elisante. Ilikuwa simu ya mezani enzi hizo. Nikashika, nikasikia mwanangu anahema.

"Mama, Anna anatoka damu. Tuko hospitali."

"Damu ya nini?"

"Mama, ana mimba. Ana miezi mitatu. Tuliogopa kusema, kwa sababu ya ile ya kwanza." Halafu akasema, "Mama, daktari anauliza amekunywa nini wiki hii."

Nilikaa chini, palepale kwenye saruji ya ofisi ya bosi, mkono bado umeshika simu. Nikaona kile kikombe. Nikamwona Mzee Nderingo na kofia yake. Tumboni kuna mtu? Tumboni kuna mtu? Miaka yote ile alikuwa anaulizia hili, na mimi ndiye niliyelifuta swali kwa vigelegele.

"Mwambie daktari amekunywa majani ya paka," nikasema. "Mwambie amepewa na mama mkwe wake."

Daktari aliwaambia kwamba majani yale yanaweza kuamsha mji wa mimba, hayafai kwa mjamzito hata tone. Hakuweza kuapa kwamba ndiyo yaliyoleta damu. Alisema yaachwe mara moja, Anna alazwe, alale asinyanyuke, tungoje. Tukangoja siku tisa. Nilienda kila siku na mtori kwenye hotipoti, nikamkabidhi muuguzi mlangoni, nikarudi. Wodini sikuingia. Ningeingia na uso gani? Niliomba Mungu mpaka sauti ikakauka. Niliahidi vitu ambavyo mpaka leo bado natimiza.

Siku ya nne, sikuweza kurudi nyumbani. Nilipanda juu kwa Mzee Nderingo. Nikamkuta anakatakata migomba, anampa ng'ombe. Hata salamu sikumaliza.

"Kwa nini hukutuambia? Kwa nini uliuliza tu bila kusema sababu?"

Akaendelea kukata kwanza. Kisha akaweka panga chini.

"Mke wangu," akasema. "Mwaka ule wa kwanza mbegu zilipoletwa. Nilimpelekea chenga kila Jumamosi kwa mapenzi. Mimba mbili, Mama Elisante. Mbili. Sikujua mpaka mama mmoja wa Kihindu pale sokoni, anauza viungo, aliponiambia majani ya jamii hii wao hawampi mwenye mimba. Sijui kama ni hayo tu yaliyofanya. Mungu anajua. Lakini baada ya hapo ningewapaje bila kuuliza?"

"Ungetuambia hilo!"

"Nisimame mlangoni Jumamosi niwaambie wanawake arobaini habari za tumbo la mke wangu? Yeye akiwa hai, anakutana nao kanisani?" Akatikisa kichwa. "Niliona afadhali mnichukie."

Mzee yule alivumilia kuitwa mbea miaka yote ile ili mkewe asisemwe. Nikalia pale zizini, mbele ya ng'ombe, nikamweleza habari za Anna. Yeye hakunibembeleza wala kunilaumu. Aliniuliza tu, "Mkweo ni mzima?" Nikasema bado tunangoja. Akavua kofia yake, mara ya kwanza namwona kichwa, akaniombea kwa Kimeru.

Damu ilikata siku ya sita. Siku ya tisa Anna aliruhusiwa. Miezi ilipotimia akazaliwa mtoto wa kike, analia kwa hasira, wakamwita Nashipai, jina la Kimaasai la furaha. Nilipopewa nimpakate, nilimwomba muuguzi aweke mto chini yake. Jumamosi iliyofuata nilisimama mlangoni mwa banda nikauliza, "Tumboni kuna mtu?" Wanawake wakaguna. Nikawaambia sababu yake, nikasema ni mtu wa kwetu, sikutaja nani. Mke wa mzee nilimhifadhi. Na mimi mwenyewe, mwoga mkubwa, nikajihifadhi.

Sasa rudini pale mezani, kikombe kimevunjika. Nashipai anangoja jibu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu amekaa kwenye kiti changu, amevaa suruali iliyochanika magotini. Nikikaa kimya, kuna mwanamke Themi anakunywa. Nikisema, mtoto huyu niliyemlea mgongoni atajua kwamba bibi yake ndiye aliyetaka kummaliza kabla hajaona jua.

"Mpigie mama yako," nikamwambia. "Aje leo. Na pakiti hizo usiuze hata moja."

Anna alikuja alasiri. Alipoiona tu ile pakiti mezani, alikaa bila kukaribishwa. Nikasema yote. Sikupunguza. Vijiko vinne nikavitaja, vigelegele nikavitaja. Nashipai alikuwa ananiangalia mimi, anamwangalia mama yake, anashika tumbo lake mwenyewe bila kujua.

"Mama, ni kweli?"

"Ni kweli," Anna akasema.

"Ulijua una mimi, na ukanywa?"

Anna akainamisha kichwa vilevile kama siku ile. "Nilinusa nikasikia moyo unakataa. Lakini alikuwa mama. Ningesemaje? Angeniuliza, mwanangu, kuna mtu tumboni? Ningemwambia. Nilikuwa natamani mtu aniulize. Nilikuwa naogopa peke yangu."

Nyie! Hilo lilinipiga kuliko yote. Miaka ishirini na mbili nilidhani swali lile ni aibu ambayo wanawake huvumilia tu kwa ajili ya usalama. Kumbe mkwe wangu alikaa mbele yangu na kikombe mkononi analingoja. Mficha uchi hazai, nilikuwa nawaambia wenzangu, na mimi ndiye niliyefundisha banda zima kuficha.

Nashipai alinyanyuka akatoka nje. Nikajua basi, nimempoteza. Alikaa huko nyuma karibu na tuta la majani yale, muda mrefu, paka wangu mweusi anagaagaa miguuni pake. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Hakuja kunikumbatia, wala sikutegemea. Alichukua kalamu kwenye mkoba wake, akamwaga mezani boksi zima la pakiti alilokuja nalo, akaanza kufuta ule mstari wa mwisho, moja baada ya nyingine. Baadaye akanisukumia rundo na kalamu ya pili.

"Futa na wewe, bibi. Wewe ndiye uliyeanza."

Tukafuta mpaka vidole vikawa vyeusi. Watu aliokwisha kuwauzia aliwapigia mmoja mmoja, namba zote anazo kwenye simu. Niwasifu hapo, vijana. Mzee Nderingo hakuwa na namba ya mtu.

Juzi Jumamosi nilienda Themi kuona meza yake. Nilikaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, mkongojo kati ya magoti. Akaja mwanamke wa miaka thelathini hivi, nadhifu, kitambulisho cha kazi shingoni. Akachukua pakiti, akaigeuza, akasema siku hizi halali vizuri, kazi nyingi. Nashipai hakumkabidhi. Alizunguka meza, akamsogelea, akauliza kwa sauti ya chini, tofauti kabisa na ile ya Mzee Nderingo:

"Samahani dada. Tumboni kuna mtu?"

Yule dada alishtuka. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaniangalia na mimi kizee. Nikajua sasa tunatukanwa. Akairudisha ile pakiti mezani taratibu, akashika ukingo wa meza.

"Umejuaje?" akasema, machozi yameshamjaa. "Hata mume wangu sijamwambia."

Nashipai akamvutia kiti.